Betri inayovuja kwenye kompyuta ya zamani: kuitoa, kuokoa ubao na kuweka nyingine

Kama una kompyuta ya 286, 386 au 486 (ni namba za prosesa zake) imekaa depo, chini ya meza au juu ya kabati, ifungue leo. Usiiwashe kwanza. Chukua bisibisi, toa kifuniko, uangalie karibu na mahali kibodi inapochomekwa. Ukiona kipipa kidogo cha bluu au kijani kimelala kwenye ubao mama, umekutana na kitu kinachoua mashine hizi kuliko vumbi, na kuliko umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu.

Lubumbashi bado ina mashine nyingi za namna hii. Ziliingia wakati wa Zaire, zikafanya kazi kwenye ofisi za migodi, shule, parokia na zile sekretaria ambako wanafunzi wa chuo kikuu walikuwa wanapelekea kazi zao zichapwe. Baadaye zikaja mpya, na hizi zikafunikwa kitambaa zikawekwa kando. Hakuna aliyekumbuka kutoa betri. Nyingi bado zinaweza kuokolewa, lakini kila msimu wa mvua unapita na kipande kingine cha ubao.

Ukisoma mwongozo huu na ukakosa muda, chuma cha kulehemia au pesa ya vifaa, fanya jambo moja tu: kata betri uitoe. Karibu mashine zote za aina hii zinawaka bila betri. Zitalalamika tu kwamba saa na mipangilio imepotea. Kuweka nyingine kunaweza kusubiri hata mwaka. Kutoa hakusubiri.

Kwa nini inavuja

Kipipa hicho ni seli tatu za nikeli-kadimi zilizopangwa moja juu ya nyingine, kila moja volti 1.2, jumla volti 3.6. Nyingi zimeandikwa Varta na 60 mAh. Kazi yake ni kushikilia saa na kumbukumbu ndogo ya CMOS wakati mashine imezimwa. Mtindo huu unatoka kwenye IBM PC/AT ya mwaka 1984: chipu yake ya saa, Motorola MC146818, ina baiti 64, 14 ni za saa na rejista zake, na 50 zinazobaki hutunza mambo kama aina ya diski ngumu, aina ya floppy na kiasi cha memori. IBM yenyewe iliweka betri mbali na ubao, ikaunganishwa kwa waya. Watengenezaji waliofuata ndio walioilehemu moja kwa moja kwenye ubao ili kupunguza gharama, na hapo ndipo tabu ilipoanzia.

Ubao huichaji betri hii mashine inapokuwa inawaka. Mashine ikikaa muda mrefu bila umeme, seli zinaisha, tena haziishi pamoja. Ile iliyo dhaifu inasukumwa kinyume na wenzake, gesi inajaa ndani, muhuri unaachia, na majimaji ya potasiamu haidroksaidi yanatoka. Hii si asidi kama ya betri ya gari. Ni besi kali, na tofauti hiyo itakuwa na maana tutakapofika kwenye kusafisha.

Majimaji hayo hutambaa juu ya miguu ya betri, yanaingia chini ya rangi ya kijani ya ubao, yanapita kwenye vitundu na kutokea upande wa pili. Yakikauka yanageuka unga mweupe. Unga huo unavuta unyevu hewani, kwa hiyo ubao uliotulia wakati wote wa kiangazi unaanza kuliwa tena mvua zinaporudi mwezi wa kumi na moja. Shaba yenyewe inageuka kijani au bluu. Mtu wa Katanga anaijua rangi hiyo: ni ndugu ya malakiti wanayochonga na kuuza hapa mjini, shaba iliyokutana na maji na kaboni dioksidi.

Vya kuandaa

Huhitaji karakana kubwa. Tafuta multimita yenye mlio wa kupimia muunganiko, chuma cha kulehemia chenye ncha nyembamba, risasi ya kulehemia ya kawaida ya 60/40, rosini, koleo ndogo ya kukatia, wembe au kisu chembamba, na mswaki mgumu ambao hautarudi bafuni. Vya kusafishia: siki nyeupe au limau, maji safi ya kuongezea betri ya gari (hakikisha ni maji, maana dukani chupa ya asidi hukaa palepale jirani), na alkoli. Alkoli ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi ndiyo bora; ukipata ile ya famasi ya asilimia 70 itafaa, ila ina maji, kwa hiyo uache ubao ukauke muda mrefu zaidi.

Vya kuweka: betri ya kidonge ya CR2032 pamoja na kikalio chake, diodi ya 1N4148 (kijipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu), na waya laini wa rangi mbili. Diodi hiyo hauna haja ya kuinunua. Ni ile ndogo ya kioo cha rangi ya machungwa yenye mstari mweusi. Zimejaa kwenye mbao za redio na televisheni zilizokufa. Toa moja, ipime, itumie.

Vaa glovu na miwani. Kadimi ni sumu, na potasiamu haidroksaidi inachoma ngozi polepole bila maumivu ya haraka. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 bila kuacha, halafu uende hospitali. Watoto wasiwe karibu na meza.

Andika kila kitu kabla ya kugusa

Kama kuna bahati kwamba betri bado ina uhai na mashine ilikuwa inatumika majuzi, iwashe mara moja ya mwisho, ingia kwenye Setup, yaani ukurasa wa mipangilio ya mashine, unakili yote kwenye karatasi. Kitu cha maana kuliko vyote ni mstari wa diski ngumu: idadi ya silinda, vichwa na sekta. Kwa mfano Seagate ST-225, diski ya megabaiti 20 iliyoenea sana, ina silinda 615, vichwa 4 na sekta 17. Ukizipoteza namba hizi, data iko palepale kwenye diski lakini mashine haijui namna ya kuifikia.

Kama unga umeshatoka, usiwashe. Majimaji hayo yanapitisha umeme, na njia mbili zisizopaswa kukutana zinaweza kukutana. Soma namba kwenye kibandiko cha diski yenyewe.

Halafu piga picha. Ubao mzima, kisha kila kona karibu na betri, kisha jampa zote (vijikofia vinavyounganisha pini mbili) na jinsi nyaya zilivyochomekwa. Viunganishi viwili vya umeme wa ubao wa AT, P8 na P9, vinaingia pia vikigeuzwa, na ukivigeuza ubao unaungua. Kanuni ni nyaya nyeusi zikae katikati, zikiangaliana.

Chomoa waya wa ukutani, subiri dakika chache, toa kadi zote, toa ubao nje ya kasha. Kusafisha ubao ukiwa bado ndani ya kasha hakufai, maana upande wa chini ndio mara nyingi umeliwa zaidi.

Kutoa betri

Kwanza soma upande wa chanya. Mara nyingi kuna alama ya + kwenye ubao, ila unga unaweza kuwa umeifuta. Basi iangalie kwenye betri yenyewe, uichore kwenye karatasi. Miguu iko mitatu kwenye betri nyingi za aina hii, miwili ikiwa upande mmoja ili isimame imara.

Usianze na chuma cha moto. Risasi iliyoguswa na majimaji haya inakuwa ya kijivu kama majivu, inakataa kuyeyuka, na ukilazimisha unaondoka na duara la shaba lililoko chini yake. Kata miguu kwa koleo juu ya ubao, betri itoke. Ukishasafisha, rudi kwenye vipande vilivyobaki: vikwangue kidogo kwa wembe mpaka chuma king'ae, weka rosini, ongeza risasi mpya, halafu ndipo uyeyushe zote pamoja na kuvuta. Risasi mpya ndiyo inayoibeba ya zamani. Mguu wa hasi utakusumbua zaidi, kwa sababu umeungana na tabaka pana la shaba ndani ya ubao linalonyonya joto. Uwe mvumilivu, ushike chuma kwenye nyuzi 350 hivi, usisukume.

Kusafisha

Hapa watu wengi huenda moja kwa moja kwenye alkoli. Alkoli inaondoa mafuta na uchafu lakini haiui besi. Anza na siki, au maji ya limau yaliyochujwa. Pakaa kwa mswaki mahali pote palipo na unga, na sentimita kadhaa kuzunguka, pande zote mbili za ubao. Utaona mapovu madogo: hiyo ni kabonati inayovunjika. Acha dakika tano mpaka kumi, sugua, pakaa tena mpaka mapovu yaishe.

Kabla ya hapo toa chipu zote zilizo kwenye soketi katika eneo hilo. Chipu ya kibodi, ile 8042, mara nyingi ndiyo jirani wa kwanza wa betri. Angalia miguu yake na angalia ndani ya soketi. Soketi ikiwa ya kijani ndani, usipoteze muda kuisugua, ibadilishe.

Siki nayo ni asidi na haitakiwi kubaki. Suuza kwa maji ya kawaida, kisha kwa maji ya betri ya gari ambayo hayana chumvi, kisha mwisho alkoli ili ifukuze maji. Wakati wa kiangazi jua la Lubumbashi linakausha ubao kwa siku moja au mbili, ila vumbi lekundu nalo linakuja. Weka ubao wima ndani ya boksi lililofunikwa kitambaa chepesi. Wakati wa mvua upe siku zaidi, au uweke karibu na kitu chenye joto la kadiri. Maji hujificha chini ya soketi na ndani ya nafasi ndefu za kadi.

Nafasi hizo za kadi usizisahau. Majimaji huingia ndani yake na kula vijimeno vya shaba. Chukua kipande cha kadi ngumu, kiloweshe alkoli, kipitishe juu na chini mpaka kitoke safi.

Kufuata njia za shaba moja moja

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayotenganisha mashine inayofufuka na ile inayobaki mapambo. Ubao ukishakauka unaonekana mzuri. Usiuamini. Njia ya shaba inaweza kung'aa kijani juu na kuwa imekatika chini ya rangi, mahali padogo kuliko unywele.

Weka ubao chini ya taa kali, ukiinamisha. Tafuta mistari iliyogeuka kuwa ya kahawia iliyokolea au nyeusi chini ya rangi, na mahali rangi imevimba kama lengelenge. Kwangua rangi hapo taratibu kwa ncha ya wembe, ukilaza wembe badala ya kuchimba. Shaba ikitokea nyekundu na kung'aa, iko hai. Ipakae rosini na risasi kidogo ili isioze tena. Ikitokea nyeusi na kubomoka kama mkaa, imekwenda.

Sasa multimita. Weka kwenye mlio. Ncha moja mwanzo wa njia, nyingine mwisho wake, si katikati. Kila kitundu kinachopeleka njia upande wa pili wa ubao ukipime peke yake, kwa sababu ndani yake kuna bomba jembamba la shaba ambalo majimaji hulila kutoka ndani, na kwa nje hutaona chochote. Chora kwenye karatasi njia ulizopima. Ukiacha kuandika utapima zilezile na kuruka nyingine.

Njia iliyokatika unaiunganisha kwa waya. Waya mwembamba wa koili uliopakwa vanishi unafaa sana. Ukwangue ncha zake, uzitie risasi, uulaze juu ya njia ya zamani, ulehemu kila upande kwenye shaba iliyo hai. Kwa kitundu kilichokufa, pitisha waya ndani yake na ulehemu juu na chini. Ukimaliza yote na mashine ikafanya kazi, funika shaba iliyo wazi kwa rangi ya kucha isiyo na rangi. Chupa moja ya sokoni inatosha mbao nyingi.

Mama mmoja mwenye sekretaria ya kuchapa aliniletea 386 yake iliyokuwa imefungwa kwenye mfuko wa sukari. «Fundi, hii mashini ilikuwa inatumika muzuri, tuliiweka tu mu depo,» akasema. «Sasa inawaka, lakini klavye haisikie.» Nikamuuliza: «Mama, kuna kitu cha maana ndani?» Akajibu kwamba marehemu mume wake ndiye aliyekuwa anachapa, na barua zake zote zimo humo. Ubao ulionekana una alama ya kijani ndogo tu, kama kichwa cha kiberiti, kando ya tundu la kibodi. Multimita ikasema vingine: kati ya tundu lile na 8042 njia mbili zilikuwa kimya, ile ya data na ile ya saa ya kibodi. Zote zilikatika chini ya plastiki ya tundu lenyewe, mahali jicho halifiki. Nikatoa tundu, nikalaza waya mbili zisizozidi urefu wa kucha, nikalirudisha. Kibodi ikasikia. Ndiyo maana nasisitiza kupima hata pale panapoonekana safi, hasa mambo yafuatayo: tundu la kibodi, chipu ya 8042, kristali ndogo ya saa ya 32.768 kHz, na njia zinazoingia kwenye nafasi ya kwanza ya kadi.

Betri gani uweke

Wengi watakushauri utafute kipipa kingine kilekile, au cha nikeli-haidridi cha volti 3.6, ulehemu palepale. Kwa mji kama wetu napinga kabisa. Betri inayochajiwa na ubao inahitaji ubao uwake mara kwa mara. Kwetu umeme unaweza kukosekana siku kadhaa, na mashine ya zamani hata umeme ukiwepo haiwashwi kila juma. Betri itaisha, itakaa tupu, itavuja. Utakuwa umeupa ubao ugonjwa uleule.

Weka CR2032 nje ya ubao, kwa waya, pamoja na diodi. Ina volti 3 na uwezo wa kama 220 mAh. Saa ya mashine ikila maikroampea 5, hiyo ni masaa 44,000, karibu miaka mitano. Na siku ikichoka unaitoa kwa kidole.

Diodi si jambo la hiari. CR2032 haichajiwi. Ubao ulioundwa kwa nikeli-kadimi utajaribu kuichaji kila ukiwasha, nayo itavimba, inaweza hata kupasuka. Na usidanganywe na LIR2032 inayochajiwa, kwa sababu tu umbo ni moja: hiyo inataka chaja inayosimama kwenye volti 4.2, na ubao wako haujui kusimama hapo.

Diodi inakula kiasi cha volti, kama 0.3 au 0.4 kwa mkondo mdogo hivi, kwa hiyo ubao unapata kama 2.6. Chipu nyingi za saa zinaridhika. Yako ikikataa, yaani saa inapotea ingawa betri ni mpya, tumia mawe matatu ya redio ya AA ya alkalini, jumla volti 4.5, ndani ya kikalio cha plastiki, na diodi palepale. Ila mawe ya bei rahisi ya zinki-kaboni nayo huvuja. Yaweke chini kabisa ya kasha, mbali na ubao, na uyabadilishe kila mwaka hata kama hayajaisha.

Kabla ya kulehemu chochote, tafuta pini nne zilizojipanga kwenye ubao, mara nyingi zimeandikwa kwa maandishi madogo kwamba ni za betri ya nje. Mbao nyingi za 386 na 486 zinazo. Kwa kawaida pini ya 1 ni chanya na ya 4 ni hasi, na kuna jampa kati ya 2 na 3 ambayo huondolewa ukitumia betri ya nje. Thibitisha kwa multimita: pini ya hasi lazima ilie na waya mweusi wa umeme wa ubao. Ukizipata pini hizi, chomeka tu kiunganishi chako, na mashimo ya betri ya zamani uyaache wazi.

Kuunganisha

Waya mwekundu unatoka kwenye chanya ya kikalio, unaingia kwenye diodi upande usio na mstari, unatoka upande wenye mstari kwenda chanya ya ubao. Mstari unaangalia ubao, siku zote. Waya mweusi unatoka hasi kwenda hasi. Funika diodi kwa mrija wa plastiki au tepu ya umeme isiguse chochote.

Usiingize betri bado. Lehemu kwa muda rezista ya kiloomu 10 kati ya chanya na hasi ya kikalio kitupu, rudisha ubao kwenye umeme, washa, pima volti juu ya rezista hiyo. Unataka sifuri au karibu na sifuri. Ukiona volti tatu au nne, diodi imegeuzwa au imekufa. Ndiyo sababu nachagua 1N4148 badala ya diodi ya aina ya Schottky kama 1N5817: Schottky inakula volti chache zaidi, hiyo ni kweli, lakini inavujisha mkondo kurudi nyuma zaidi, na betri ya lithiamu haipendi hata kidogo hicho.

Zima, toa rezista, weka betri. Pima kwenye ubao: volti 2.5 na kuendelea ni sawa. Bandika kikalio kwenye ukuta wa kasha au juu ya kisanduku cha diski kwa tepu ya pande mbili, mahali ambapo hata kikivuja kitachafua bati tu.

Kuwasha na kurudisha mipangilio

Subiri umeme utulie. Ukirudi tu baada ya kukatika, toa dakika kumi. Kama una stabilaiza, itumie. Washa ukiwa umechomeka vitu vichache iwezekanavyo: kadi ya skrini, memori, kibodi. Diski ngumu baadaye.

Mashine itasema mipangilio ya CMOS imeharibika. Ni kawaida. Ingia kwenye Setup, kwenye BIOS (programu ya kuanzishia mashine) nyingi za AMI na Award kwa kitufe cha Del. Kibodi ikiwa ya AZERTY kumbuka kwamba hapo mashine bado inafikiri ni QWERTY: A iko pa Q, Z iko pa W. Weka tarehe. BIOS za zamani nyingine zinakataa miaka ya 2000. Usihangaike, ukifika kwenye DOS andika DATE, inakubali mpaka 2099, ingawa kwenye mashine kadhaa utairudia kila ukiwasha.

Zima kwa saa moja, washa, angalia. Mipangilio ikiwa ipo na saa imesogea, umefanikiwa. Mipangilio ipo lakini saa imesimama palepale: tatizo ni kristali ile ya 32.768 kHz au miguu yake, rudi na multimita. Vyote vimepotea: pima volti ya betri kwenye ubao, na angalia jampa.

Sasa unganisha diski ngumu na uweke zile namba ulizoandika, mara nyingi chini ya aina ya 47. Hapa naomba utulivu. Ukiweka silinda au vichwa visivyo sahihi, mashine inaweza kuonyesha baadhi ya mafaili na kuficha mengine. Wakati huo usiandike chochote kwenye diski, usiendeshe programu ya kutengeneza diski, na mtu akikuambia uformati, mkatalie. Soma tu, kwa amri ya DIR, ukifungua mafaili mawili matatu ya maandishi. Yakisomeka mpaka mwisho, namba ni sahihi. Kitu cha kwanza baada ya hapo ni kunakili data kwenye floppy au diski nyingine. Barua za yule mama zilinakiliwa kabla sijafunga hata skrubu moja ya kasha.

Mashine zisizo za ukoo huu

Macintosh za zamani nyingi zinatumia betri fupi ya lithiamu ya volti 3.6, nusu ya urefu wa AA. Hiyo ikipasuka inatoa asidi, si besi, na inaozesha kila chuma ndani ya kasha. Siki hapo itaongeza ubaya. Tumia bikabonati, ileile inayotiwa kwenye sombe, iliyoyeyushwa kwenye maji, halafu maji safi na alkoli. Betri hizo hazichajiwi, kwa hiyo diodi haihitajiki ukiweka mpya ya aina yake, lakini itoe kila unapohifadhi mashine. Macintosh II haitawaka kabisa bila betri nzuri, usidhani imekufa.

Amiga 500 yenye kadi ya memori ya A501 ina kipipa kilekile cha nikeli-kadimi ndani ya kadi. Fuata hatua zote za juu. Na ukikuta kitofali cheusi kilichoandikwa Dallas DS1287, hicho kina betri ndani yake, kinaisha lakini hakimwagi kitu juu ya ubao. Hicho ni somo lingine.

Betri uliyoitoa

Usiitupe kwenye takataka za uani ambako inachomwa na majani, na usiizike shambani. Kadimi inaingia kwenye udongo na kwenye mboga. Iweke kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, pamoja na glovu na vitambaa ulivyotumia, andika juu yake kwamba ni sumu, iweke mahali pa juu palipofungwa. Ukijua kampuni inayokusanya betri chakavu, waulize kwanza kama wanapokea nikeli-kadimi, kwa sababu wengi wanachukua zile za risasi tu.

Mwisho, bandika karatasi ndani ya kifuniko cha kasha: tarehe uliyoweka CR2032, silinda, vichwa na sekta za diski, na neno kwamba kuna diodi kwenye waya mwekundu. Atakayeifungua baada yako, iwe ni mwanao au fundi wa mtaa mwingine, asiibadilishe kwa kipipa.